Solo ya mwisho ya Comfortably Numb: nipige kama ilivyo kwenye rekodi, au nitunge papo hapo?

Mpigasolo_Njiro (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi ambao umeanza kula muda wa mazoezi yetu.

Napiga gita la solo kwenye bendi ndogo hapa Arusha. Tunapiga hotelini mwisho wa wiki: watalii waliotoka porini au walioshuka mlimani, na wenyeji wa Njiro na Kijenge wanaopenda rock ya zamani. Tumeongeza Comfortably Numb ya Pink Floyd. Sauti zimekaa, kinanda kimekaa, besi imekaa. Kilichobaki ni solo ya mwisho.

Kiongozi wetu, ambaye ndiye mpiga dramu, anataka niipige noti kwa noti kama ilivyo kwenye albamu ya The Wall, 1979. Anasema solo ile ni utungo kamili, ni sehemu ya wimbo kama yalivyo maneno, na kwamba wateja wanaijua mpaka wanaiimba kwa midomo. Ukiibadilisha, anasema, ni sawa na kubadilisha kiitikio. Mimi nasema David Gilmour, mpiga gita wa Pink Floyd, hakuiandika popote. Aliingia studio, akapiga alichokisikia wakati ule. Kwa hiyo nikiikariri nafanya kinyume kabisa na alichofanya yeye.

Msidhani nakwepa kazi. Nimeisikiliza kwenye simu kwa mwendo wa nusu, kipande kwa kipande, na karibu yote naiweza. Kuna mahali anavuta uzi hadi juu, anaushikilia pale, kisha anaushusha taratibu bila kupiga tena. Vidole vyangu vinafanya hivyo hivyo. Lakini kila nikifika pale najisikia kama mtu aliyepewa asome risala iliyoandikwa na mwingine.

Kwa wanaoijua historia yake: ilitungwa au ilibuniwa papo hapo? Na nyie mnaopiga kopi za nyimbo za wengine, mnafanyaje?

---

Sakina_Umeme

Mkuu, mimi niko upande wako asilimia zote. Gita la rock bila kubuni papo hapo linabaki mazoezi ya vidole.

Sikiliza Machine Gun ya Jimi Hendrix, ile iliyorekodiwa Fillmore East, New York, tarehe 1 Januari 1970. Dakika zaidi ya kumi na mbili. Bendi ilipiga maonyesho manne kwa usiku mbili, na wimbo ule haukufanana hata mara moja. Ile iliyoingia kwenye albamu ya Band of Gypsys ina noti moja ndefu mwanzoni mwa solo, anaipiga na kuiacha ilie yenyewe, na kila nikiisikia najua kwamba hata yeye hakujua itaishia wapi. Miezi tisa haijatimia, amefariki. Hakuna mtu aliyeipiga tena vile, na hakuna atakayeweza.

Huo ndio muziki kwangu. Kinachotokea mara moja mbele ya watu. Sasa wewe unaenda hotelini kuwapa watu kitu wanachokisikia kwenye simu zao bila gharama? Mwambie kiongozi wako akuachie.

---

Gita_na_Nota (Usa River)

Habari zenu. Nasoma muziki hapa Makumira, kwa hiyo mengi ninayafanya kwa kalamu.

Sakina, nakuheshimu, lakini Hendrix unayemtaja ni nusu ya Hendrix. Chukua All Along the Watchtower ya 1968. Solo ya katikati ina sehemu nne, na kila moja ina sauti yake: anaanza na gita la kawaida, anaingia kwenye kuteleza juu ya nyuzi huku mwangwi ukimfuata, halafu ile pedali ya wah inayolifanya gita liongee, anamalizia na kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za kukwaruza. Kila sehemu inaanza pale nyingine inapokwisha. Huwezi kunishawishi kwamba hilo limetokea tu mkononi. Mtu alikaa akapanga.

Na kuna wanaokwenda mbali zaidi. Brian May wa Queen ameeleza kwamba solo ya Bohemian Rhapsody aliisikia kichwani kwanza, ikiwa melodia kamili inayoimbika, ndipo akaitafuta kwenye gita. Hapo kubuni kulifanyika kabla mkono haujagusa uzi. Kwa hiyo hata neno "rock" lenyewe halikupi jibu, kila mpigaji ana njia yake.

Kwa upande wa kuandika: mimi nimejaribu kuiweka solo hiyo ya Gilmour kwenye nota. Noti zenyewe si nyingi. Kodi zinazunguka Bm, A, G, Em na kurudi Bm, na yeye kwa sehemu kubwa anatembea ndani ya ngazi ya B ndogo. Kinachonishinda kuandika ni mvuto wa uzi: unafika noti wakati gani, unatikisika kwa kasi gani, unachelewa kiasi gani nyuma ya dramu. Nikimpa mwenzangu karatasi yangu aipige, noti zote ziko sahihi na solo haipo.

---

MzeeWaSolo_Pasua (Moshi)

Vijana, nawasalimu. Niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu jambo hili nimeishi nalo.

Mpigasolo, wewe na kiongozi wako mnabishana kuhusu jambo ambalo Gilmour mwenyewe amelisimulia kwenye mahojiano, na akieleza unaona kwamba nyote wawili mna nusu. Alipiga solo tano au sita mfululizo, bila kupanga, kila moja ikakaa kwenye treki yake. Akamaliza. Kisha akakaa kuzisikiliza zote, akiwa na karatasi iliyochorwa vipimo vya muziki, akawa anaweka alama: hapa nzuri, hapa siyo, hapa nzuri sana. Baada ya hapo akazifuata alama zake kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, anapandisha kitelezi cha treki moja na kushusha cha nyingine, kipande hiki kutoka solo ya pili, kile kutoka solo ya nne, mpaka ikapatikana solo moja inayotiririka.

Sasa niambie, hiyo imetungwa au imebuniwa? Kila noti ilitoka mkononi papo hapo. Lakini ile solo, yenye mwanzo wake na mwisho wake, hakuna siku iliyopigwa nzima na mkono wa mtu kabla ya karatasi ile. Utungaji ulifanyika baadaye, ukafanywa na sikio. Watu wanadharau kazi ya kuchagua kwa sababu haionekani. Mimi naiona ni kazi kubwa kuliko kupiga. Kupiga vizuri kwa bahati kila mtu ana siku yake. Kukaa na vipande sita vyako mwenyewe, vyote vizuri, na kuvitupa vinne, hiyo inataka mtu anayejua anachotafuta.

Na kuna jambo hapo litakalokusaidia, mwanangu. Gilmour alisema kwamba ukiunganisha vipande hivyo, wakati mwingine unajikuta umeruka kutoka noti moja kwenda nyingine kwa namna isiyowezekana kwa mkono, na inabidi utafute njia nyingine ya kupita pale. Kwa hiyo ukifika mahali kwenye solo kama zile na kidole chako kinakataa, usijilaumu haraka. Kipande cha kabla na kipande cha baada huenda havikuzaliwa pamoja. Tafuta maungio. Ukiyajua maungio utajua wapi pana nafasi ya kuingiza lako.

Sasa niwaambie upande wetu. Mimi nilipiga solo kwenye bendi za dansi, na tulikuwa tukienda kurekodi redio, Dar es Salaam. Pale hapakuwa na kuchagua vipande. Bendi nzima inaingia chumbani, waimbaji, magita, besi, tumba, tarumbeta, saksafoni, inapiga kwa mkupuo mmoja na kanda inazunguka. Mpiga solo akikosea dakika ya nne, wote tunarudi mwanzo, na mpuliza tarumbeta anakuangalia kwa jicho ambalo hutalisahau. Sasa katika hali hiyo nani atathubutu kubuni ovyo mbele ya mashine?

Kwa hiyo kubuni kulifanyika ukumbini. Jumamosi usiku, watu wakicheza, wimbo unaweza kwenda muda mrefu kuliko santuri yoyote, na humo ndimo solo ilimotafutwa. Unajaribu kipande, unaangalia sakafu. Kikiwapeleka watu, wiki ijayo unakirudia. Kisipowapeleka, unakiacha na hakuna anayekukumbusha. Mpaka siku ya safari ya Dar es Salaam, solo imeshakaa, na wacheza dansi wa Moshi wanaijua kabla redio haijaisikia. Gilmour alichagua kwa karatasi, sisi tulichaguliwa na miguu ya watu. Ndiyo maana nikisikia kijana anasema solo za zamani za dansi ni za kujipigia tu, naumia. Nyingi zilikuwa zimefanyiwa kazi kuliko maneno ya wimbo.

Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, mwaka uleule The Wall ilipotoka. Aliimba mwenyewe na kupiga solo mwenyewe. Gita lake linaijibu sauti yake, na mtu akiingia katikati ya wimbo anajua huyu ni Mbaraka kabla hajaimba neno. Hiyo haitoki kwenye kubahatisha.

Ushauri wangu sasa. Wimbo huo una solo mbili. Ya kwanza, ile fupi iliyo kwenye D kubwa, ipige kama ilivyo. Ile inaimba, na ikimaliza tu mwimbaji anaingia. Ukiipotosha unamnyima mwenzako mlango wa kuingilia. Ya mwisho haina mwimbaji anayekungoja. Na hata Gilmour mwenyewe, tazama maonyesho ya Earls Court, London, 1994, yale yaliyotoka kwa jina la Pulse: solo ya mwisho ameirefusha mbali kuliko rekodi. Tazama na maonyesho yake ya Pompeii, Italia, 2016. Anaanza na vile vipande ambavyo watu wamevijia, wanavitambua, wanapiga kelele, halafu anatoka na kwenda anakotaka. Yeye mwenye solo hajajifunga kwa rekodi yake, na wala hajaitupa.

---

Mwalimu_wa_Kwaya_Rau

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri sana, nimekusoma mara mbili.

Mimi si mpiga gita, nafundisha kwaya ya Kilutheri hapa Rau, Moshi, na Pink Floyd niliachiwa na kaka yangu kwenye kanda. Naomba niingize jambo moja ambalo naona linakosekana, nalo ni haki ya mtu.

Kwenye albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, kuna wimbo The Great Gig in the Sky. Mtunzi aliyeandikwa alikuwa Richard Wright, mpiga kinanda, kwa sababu kodi zilikuwa zake. Lakini kinachowatoa watu machozi pale ni sauti ya mwanamke anayelia na kupanda bila neno hata moja. Huyo ni Clare Torry. Aliitwa studio ya Abbey Road Januari 1973, hakupewa maneno wala melodia, akaambiwa aimbe tu juu ya kodi zile. Aliimba mara chache, vipande vikachaguliwa vikaunganishwa, akalipwa pauni 30, akaenda zake.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2004 alifungua madai kwamba alichokifanya siku ile kilikuwa utunzi. Mwaka 2005 wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Wright kama mtunzi.

Wakuu, mnaona uzito wake? Mnabishana kana kwamba "kutunga" na "kubuni papo hapo" ni suala la ladha. Kwa yule mama lilikuwa suala la jina lake kuwepo au kutokuwepo. Aliyeandika kodi kwenye karatasi aliitwa mtunzi. Aliyefungua kinywa akatoa melodia yote aliitwa kibarua wa siku, kwa miaka zaidi ya thelathini. Na nikisikiliza ninachokisikia, ule ni utunzi. Una mwanzo mkali, una mahali anaposhuka kama amechoka, una mwisho wa kunong'ona. Waimbaji waliokuja baadaye jukwaani waliifuata njia yake ileile. Kama ingekuwa kubahatisha, wangefuata nini?

Kwenye kwaya hili nalijua. Wimbo umeandikwa kwa sauti nne, do re mi zote ziko kwenye karatasi. Halafu yuko mama mmoja wa sauti ya pili anayeongeza kitu mwishoni mwa beti, hakuna aliyemfundisha. Mwaka wa kwanza ni yake. Mwaka wa tatu wote wanaiimba hivyo, na kwaya ya mtaa wa jirani ikija kujifunza wimbo inaondoka nayo. Jina lake haliko popote. Tangu nisome habari za Clare Torry nimeanza kuliandika kwenye daftari la kwaya, pembeni ya wimbo.

Kwa hiyo, Mpigasolo, ukipata kipande chako kizuri pale hotelini, kirekodi kwenye simu siku hiyohiyo.

---

Sakina_Umeme

Mwalimu, hilo la Clare Torry sikulijua na limenigusa kweli.

Lakini mzee wangu, shikamoo, naomba nibishane nawe kidogo kwa heshima. Ukisema utungaji ulifanyika kwenye karatasi na mikisa, unampa ushindi mtu wa mezani. Zile solo sita zilitoka wapi? Kama asingekuwa mtu anayeweza kuingia bila mpango na kutoa mambo, karatasi ingebaki na alama za "siyo, siyo, siyo". Kuchagua kunakuja pale tu ambapo kuna cha kuchagua.

Na wote mmesahau noti nne za Shine On You Crazy Diamond. Gilmour alikuwa anapiga tu mazoezini, 1974, zikamtoka. Roger Waters, mpiga besi wao, akazisikia, na wimbo mzima ukazaliwa hapo, wa kumkumbuka Syd Barrett, mwenzao wa zamani kwenye bendi. Hakuna aliyezitafuta. Zimekuwa msingi wa wimbo unaochukua zaidi ya dakika 25 ukiunganisha sehemu zote, mwanzo na mwisho wa albamu ya 1975.

---

MzeeWaSolo_Pasua (Moshi)

Marahaba Sakina. Noti nne zilimtoka Gilmour, sawa kabisa. Lakini Waters ndiye aliyesikia. Ngapi kama hizo zilimtoka mazoezini na hapakuwa na mtu wa kumwambia rudia? Mimi mwenyewe nilikuwa na mpiga gita la ridhimu ambaye kazi yake nusu ilikuwa kunigeukia na kusema "hiyo, hiyo, ishike." Alipohama bendi, solo zangu zilipungua. Mkono ulikuwa uleule.

Hilo la kwamba lazima pawe na cha kuchagua, nimelikubali. Sina la kuongeza.

---

Mpigasolo_Njiro (Arusha)

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, na wakuu wote asanteni.

Nimefanya alichosema mzee cha kutafuta maungio. Leo mchana nimekaa na spika za masikioni, si kusikiliza noti safari hii bali kusikiliza pumzi kati ya kipande na kipande. Kuna mahali kama katikati ya solo ambapo nilikuwa najikwaa kila siku. Nilidhani ni kidole cha nne kuwa dhaifu. Nimeacha kulazimisha, nimeingia kwa njia yangu kutoka uzi wa tatu, nikatokea kwenye noti ileile anayotua yeye. Imekaa. Na kuanzia hapo kwenda mbele sikutamani kurudi kwenye yake.

Nimempelekea kiongozi wetu mazungumzo haya ayasome.

---

Dramu_Kaloleni

Mimi ndiye kiongozi anayesemwa. Nimesoma yote.

Mzee, shikamoo. Solo ya kwanza umenipa haki yangu, hapo hakuna mjadala tena. Ya mwisho nakubali ifunguliwe, lakini kwa utaratibu. Vipimo vinane vya mwanzo kama rekodi, kwa sababu mimi nawaona watu nikiwa nyuma ya dramu: wakizitambua zile noti za kwanza wanageuka kutoka kwenye meza zao. Baada ya hapo uko huru, mzunguko wa kodi unaendelea mpaka unapotosheka. Ukitaka kufunga, inua shingo ya gita, mimi nitajibu kwa sahani mbili na mzunguko unaofuata ni wa mwisho.

Nilichokuwa nakiogopa si kubuni. Nilikuwa naogopa ile tabia ya mpiga solo kutembea mpaka yeye mwenyewe hajui yuko kodi gani, na sisi wengine tunabaki kumsubiri.

---

MzeeWaSolo_Pasua (Moshi)

Huo ni utaratibu mzuri. Ongezeni moja: mwambieni wa besi asihame. Mpiga solo akianza kupaa, wa besi naye hutamani kupamba, na hapo ndipo watu hupoteana. Abaki kwenye Bm, A, G, Em kama zilivyo, mzunguko baada ya mzunguko, hata akiona anachosha. Na kinanda kisimame juu ya kodi ndefu, kisijibizane na gita mpaka mzoeane. Fanyeni hivyo mazoezi ya Alhamisi, mzirekodi zote, halafu mkae wote wanne mzisikilize.